Tulikwenda Arusha Kula Pamoja



Anayeshika kalamu hii ni mke, muuguzi wa siku nyingi wilayani Hanang na mtumishi wa kujitolea kanisani. Lakini tumekubaliana habari hii iandikwe kwa "sisi", kwa kuwa kosa lilikuwa la wote wawili. Mume ameisoma yote kabla haijatumwa. Mahali pawili alifuta neno, na mahali pamoja aliongeza.

Nyumba mbili

Tuna watoto wanne, na mwaka 2024 tulitimiza miaka 22 ya ndoa. Katika miaka hiyo, sita ya mwisho tumeiishi katika nyumba mbili. Mume anafundisha sekondari Mbulu. Mke yuko Katesh, chini ya Mlima Hanang, katika wodi ya wazazi. Wafanyakazi wengi wa serikali wanaujua mtindo huu. Unaomba uhamisho, unaambiwa nafasi hakuna, unaomba tena. Kwenye ramani Mbulu na Katesh ni majirani. Lakini ukipita Dongobesh na Bashanet, ukateremka mpaka Dareda ndipo uishike barabara ya Singida, masika inaweza kukulia siku nzima.

Basi tulikuwa tunaonana mwisho wa mwezi. Na tukionana, tulizungumza nini? Ada. Mbolea. Mchango wa harusi ya binamu. Msiba wa jirani. Ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa. Mke akiwa jikoni, mume sebuleni na wageni, chakula kinatangulia kwao, na mke anakula baadaye kwenye kigoda, sahani mapajani. Hatukugombana. Majirani walitusifu kuwa tuna nyumba yenye amani. Kumbe amani nyingine ni ukimya tu uliovalishwa nguo ya Jumapili.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaikumba Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku zile mke hakulala nyumbani. Wauguzi tulikula chochote kilicholetwa. Siku ya pili usiku ilifika chupa ya uji wa ulezi, bado wa moto. Tukadhani wameleta akina mama wa kanisa, tukamshukuru Mungu, tukanywa. Ukumbukeni uji huo.

Swali la mgeni

Februari iliyofuata tulipata mgeni, muuguzi wa kujitolea kutoka kaskazini ya Hispania, katika nchi ya Wabaski. Ni watu wa milimani na pwani, na kwa desturi ni wafugaji wa kondoo na wavuvi. Alituambia lugha yao haina ndugu anayejulikana popote duniani. Sisi tukamwambia hilo halitushangazi, maana hapa kwetu kuna Wahadzabe wa Yaeda Chini, na lugha yao nayo iko peke yake.

Dada huyo alipenda sana kuzungumzia chakula. Kwao ni karibu na San Sebastián, mji wa watu wasiofika laki mbili, lakini watu wanasafiri kutoka nchi za mbali na kulala hotelini pale kwa sababu moja tu: kwenda kula jioni. Kuna mkahawa mmoja unaoitwa Arzak, katika nyumba iliyojengwa mwaka 1897. Tangu mwaka 1989 unashikilia nyota tatu za Michelin, ambazo ndizo daraja la juu kabisa la mikahawa. Mpishi wake aliyejulikana sana ni mwanamume, Juan Mari Arzak, na baadaye alipika pamoja na binti yake Elena. Lakini kabla yao jiko lile lilikuwa la mama yake Juan Mari, na kabla ya hapo la babu na bibi yake. Akina mama, hapo tulitazamana tukacheka. Nyuma ya mpishi maarufu kuna mama aliyesimama jikoni.

Jambo la pili lilimshangaza zaidi mume. Tangu karne ya 19, wanaume wa huko wana vyama vya kupika. Wanakodi au kununua nyumba, wanaweka jiko na meza ndefu, wanakutana jioni na kupika wenyewe, kisha wanagawana gharama. Katika vyama vingi mwanamke alikaribishwa kula lakini hakuruhusiwa kugusa mwiko, ingawa siku hizi vingi vimewafungulia wanawake mlango. Mume akauliza, "Wanaume wenyewe? Wake zao wakiwepo mjini?" Mgeni akajibu kwamba ndiyo, na wanaona fahari.

Mwisho wa mwezi alikula kwetu. Wanaume walikuwa wameketi, mke anaingia na kutoka na bakuli. Mgeni akaweka kijiko chini, akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Nyinyi wawili, mnakula pamoja saa ngapi?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza saa ya basi. Wala hatukuwa na jibu.

Njia mbili, stendi moja

Shule zilipofungwa mwezi Juni, tuliamua kwenda Arusha kwa usiku mbili. Si kwa semina, si kwa msiba, si kumpeleka mtoto hospitali. Kula na kulala tu. Mume aliuza vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inajulikana kwalo, na mke akaongeza mgawo wake wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mama mmoja wa kikundi alisema, "Fedha yote hiyo mkalale, na nyumbani mna kitanda?" Tulilisikia neno hilo njia nzima.

Tulisafiri kila mtu kwa basi lake. Mke alipita Babati na Minjingu. Mume alipita Karatu na Mto wa Mbu. Njia hizo mbili zinakutana Makuyuni, kisha zinakuwa moja mpaka Arusha. Mume alifika kwanza akasubiri stendi. Tulipeana mikono kama wajumbe wa mkutano.

Tulichukua chumba katika hoteli moja karibu na Mnara wa Saa, si mbali na boma la zamani la Wajerumani ambalo leo ni makumbusho. Bei ilikuwa shilingi 95,000 kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa. Binti wa mapokezi alitupa kadi badala ya ufunguo, na kwa dakika kumi tulikaa gizani, hatujui kwamba lazima kadi hiyo ichomekwe ukutani ndipo taa ziwake. Shuka zilikuwa nyeupe kama za chumba cha upasuaji. Mke, kwa mazoea ya kazi, alianza kutandika upya kona za kitanda. Mume akasema, "Mama, acha. Leo si zamu yako." Maji ya moto yalitoka bombani bila kuni, na mke alikaa bafuni mpaka akabishiwa mlango.

Jioni tulitoka kwa miguu. Hatua chache kutoka hotelini kulikuwa na mkahawa wa kulia chakula kizuri, wenye vitambaa vyeupe mezani na mshumaa. Tulipita mbele ya mlango mara mbili tukijifanya tunatazama magari. Mara ya tatu tukaingia.

Sahani kubwa, chakula kidogo

Tuliketi tukitazamana. Akina mama, jaribuni kukumbuka ni lini mara ya mwisho mliketi mkitazamana na mume mezani, pasipo mtoto, pasipo mgeni, pasipo runinga. Sisi hatukukumbuka.

Mhudumu alileta mkate na mafuta kidogo kwenye kisahani. Mume akasema huenda ngano hiyo ni ya Basotu. Mke akasema huenda. Kisha tukanyamaza. Ikaja supu ya maboga. Tukasema ni nzuri. Tukanyamaza tena. Wahanga wa ukimya huo walikuwa vijiko na uma, maana tulivipanga na kuvipangua. Kisha samaki wakaja, minofu iliyopikwa kwa limau na vitunguu saumu vingi, katikati ya sahani kubwa kama ungo, na viazi vilivyopondwa visivyojaa kiganja. Nyumbani tungesema mtoto amekula akabakiza.

Ndipo mume akatoa mfukoni mwa shati karatasi ndogo iliyokunjwa, akaifungua, akameza kidonge kwa maji. Alifanya haraka, kama mtu aliyezoea kujificha. Lakini meza ya watu wawili haina pa kujificha.

Mke alikitambua kidonge kile. Anawapa watu kila siku. Ni dawa ya shinikizo la damu.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

Wapendwa, kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada, muuguzi huyu huketi chini ya mti nje ya kanisa na kipimo chake. Akina baba wanapanga foleni, wanakunja mikono ya mashati, naye anawaambia: msile chumvi nyingi, msiache dawa, waambieni wake zenu. Anajua vipimo vya nusu ya washarika. Vya mume wake hakuvijua.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mume alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Wewe ukija nyumbani unatoka kwa wagonjwa. Sikutaka ukute mgonjwa mwingine."

Mke alitaka kukasirika. Hasira ilikuwa karibu, na ingemfaa, maana mwenye hasira haulizwi mambo yake. Lakini naye alikuwa na karatasi yake iliyokunjwa, na haikuwa mfukoni. Ilikuwa katika droo, Katesh. Mwaka mmoja kabla, lile ombi la uhamisho lilikuwa limejibiwa. Nafasi ya kwenda Mbulu ilikuwepo. Lakini wiki zile zile alikuwa ameteuliwa kuwa msimamizi wa wodi, cheo alichokingoja miaka kumi na nne, na akaogopa kwamba kule angeanza upya chini ya wengine. Akaijibu barua kwamba kwa sasa haiwezekani. Nyumbani akasema wamekataa.

Alisema yote hayo mezani, mbele ya samaki aliyekuwa anapoa.

Mume hakujibu. Alikula polepole mpaka akamaliza, akafuta mdomo kwa kitambaa, akatazama mshumaa. Hatutaki kuwadanganya kwamba tulishikana mikono tukalia. Ulikuwa ni ukimya mbaya kuliko ule wa kwanza.

Aliyetuokoa ni mpishi. Alikuja kuuliza kama chakula kimetufaa, kijana mrefu mwenye kofia nyeupe, akasema, "Shikamooni." Tulipoitikia, akatambua lafudhi yetu, akatusalimu upya kwa Kiiraqw. Ni mtoto wa Dongobesh. Mama yake, alisema, hajui kwamba kazi yake ni kupika. Anadhani yuko ofisini, kwa sababu kijana aliona aibu kumwambia. Mume, ambaye amefundisha vijana wa umri wake miaka ishirini na zaidi, alisimama akampa mkono. "Mwambie," alisema. "Chakula hiki mwambie. Na vitunguu saumu hivi ni vya kwetu, nimevitambua."

Tulilipa shilingi 78,000, na tuliona uchungu.

Njiani kurudi hotelini mume aliuliza ghafla, "Ule uji wa Desemba uliwafikia?"

"Uji gani?"

"Wa ulezi. Kwenye chupa. Nilikuja kutoka Mbulu, nikakuta nyumba imefungwa. Nikapika, nikaupeleka mpaka getini, wakasema hakuna kuingia. Nikampa mlinzi. Asubuhi nikarudi."

Tulisimama pale karibu na Mnara wa Saa, magari yakizunguka. Miezi sita ilikuwa imepita. Mmoja alikuwa amekwenda njia ile yote kwa ajili ya chupa ya uji, na mwingine alikuwa ameunywa pasipo kujua umetoka wapi. Hapo ndipo tulipolia, si mezani.

Jumamosi ya mume

Usiku wa pili hatukurudi kwenye mkahawa ule. Tulinunua ndizi za kuchoma na mishikaki, tukala chumbani juu ya gazeti, tukazungumza mpaka saa saba za usiku. Tuliyozungumza mengine hayaandikwi. Lakini moja tuliahidiana: mke ataandika tena barua ya uhamisho, na mume ataisoma kabla haijatumwa. Aliiandika. Hadi tunapoandika haya jibu halijaja, nasi bado tuna nyumba mbili. Cheo nacho kinauma kukiacha, tusiseme uongo.

Lakini meza imebadilika. Yule dada wa Kibaski alituachia maelezo ya chakula cha kwao kiitwacho pil-pil. Watoto waliposikia jina walidhani ni pilipili, na kweli pilipili kidogo imo. Kwao hupikwa kwa samaki wa bahari ya baridi aliyekaushwa kwa chumvi, kama ng'onda wa pwani yetu. Kwanza hulowekwa siku moja hadi mbili, maji yakibadilishwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Kisha hupikwa kwa moto mdogo katika mafuta ya zeituni yaliyokaangiwa vitunguu saumu. Siri yake ni mkono: mpishi huitikisa sufuria kwa kuizungusha polepole, mpaka ule ute wa ngozi ya samaki uchanganyike na mafuta na kuwa mchuzi mzito, pasipo unga wowote.

Jumamosi moja mume alifunga kanga ya mke kiunoni, akaingia jikoni. Samaki alikuwa perege, mafuta yalikuwa ya alizeti ya Hanang, vitunguu saumu vya Mbulu. Alitikisa sufuria mpaka jasho likamtoka. Mchuzi haukushikana hata kidogo, mafuta yalibaki huku na samaki kule. Shemeji aliyekuja kusalimia alisimama mlangoni akashindwa kusema. Mume akamwambia, "Karibu, keti. Leo napika mimi." Tukala sote meza moja, mke akiwa ameketi tangu mwanzo. Chumvi ilikuwa kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Tunayowashauri

Akina mama wenzetu, hatusemi kila nyumba iende hotelini. Kuna fedha ya ada, na ada kwanza. Tuliyojifunza Arusha yanaweza kufanyika pia kwenye mkeka.

Kwanza, tafuteni mlo mmoja kwa wiki mnaokula mkitazamana, mama akiwa ameketi. Anayekula mwisho hula kilichobaki, na wodini tunaona mara nyingi mama mjamzito aliyepungukiwa damu huku waliomtangulia mezani wameshiba.

Pili, mpime mume wako, naye akujue vipimo vyako. Shinikizo la damu huweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vyakula vya kununua. Vitunguu saumu ni vizuri, sisi tunavilima na kuvila, lakini havichukui nafasi ya vidonge.

Tatu, usimfiche mwenzako barua. Wala kidonge.

Nne, wafundisheni watoto wa kiume kupika, na wasione aibu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 21, Bwana mwenyewe aliwasha moto wa makaa ufukweni, akawaandalia wanafunzi samaki na mkate, akawaita waje wale. Walikuwa wamekesha usiku kucha bila kupata kitu. Hakuanza kwa kuwauliza maswali magumu. Aliwalisha kwanza, kisha ndipo akamwuliza Petro.

Mwisho wa mwezi huu ni zamu ya mke kusafiri kwenda Mbulu. Ameambiwa asibebe chakula chochote. Mume amenunua sufuria nyingine, pana zaidi, na anasema safari hii mchuzi utashikana.